Makofi hayamshibishi mgeni

Mwaka 1931 Kazimierz Nowak, mwandishi kutoka Poland, alianza safari ya baiskeli kutoka Tripoli, Libya, hadi ncha ya kusini ya Afrika, kisha akarudi kaskazini kwa njia nyingine. Alimaliza mwaka 1936, baada ya takribani kilomita 40,000. Hakuwa na fedha nyingi. Mara nyingi aliponea ukarimu wa wenyeji, watu ambao wakoloni wengi waliwadharau.

Wapendwa, katika Luka 24 wanafunzi wawili waliokuwa wakienda Emau walimsihi mgeni alale kwao. Kama wangemwacha aendelee na safari, wasingemtambua Bwana alipoumega mkate mezani.

Leo kanisani tutawaomba wageni wasimame. Tutawapigia makofi, nao wataketi. Ibada ikiisha, kila mmoja ataharakisha kwenda kwake, na mgeni atabaki mlangoni akiuliza kituo cha basi kiko wapi.

Makofi hayashibishi. Kabla hujaondoka, mwulize mgeni mmoja jina lake, na kama ana pa kula mchana. Sahani moja zaidi haitakufilisi. Huenda ndiyo itakayokufumbua macho.

Jumapili njema.