TAWI HALITAPIGA SIMU KUOMBEA JENGO LISILO NA KIBALI

Ndugu wanachama wa Tawi la Mtendeni,

Ujumbe wa leo ni mrefu kuliko kawaida. Tunaomba usomwe mpaka mwisho, na asiye na simu kubwa asomewe na jirani yake.

Ofisi ya tawi imekuwa ikipokea maombi ya aina moja. Mtu anajenga, afisa wa Manispaa anapita, anakuta hakuna kibali, anachora X nyekundu ukutani au anaacha barua ya kusimamisha ujenzi. Kesho yake mwenye nyumba anakuja ofisini, au anatuma mtu: "Katibu, mpigie yule mtu wenu pale Manispaa, mambo yaishe."

Kamati ya tawi imelijadili jambo hili na msimamo ni huu: tawi halitapiga simu kuombea jengo lisilo na kibali. Awe mwenye jengo ni mwanachama wa kawaida, mtu anayetuchangia kwenye shughuli zetu, au kiongozi wetu. Hapa chini tunaeleza sababu, na tunaeleza tutakachofanya badala ya kupiga simu.

*1. Yaliyotokea Dar es Salaam yanatuhusu*

Jumamosi ya Novemba 16, 2024, asubuhi, ghorofa liliporomoka Kariakoo. Watu zaidi ya 80 waliokolewa wakiwa hai, lakini zaidi ya 25 walipoteza maisha. Walikuwa watu waliokwenda kutafuta riziki na wengine kununua bidhaa. Taarifa za siku zile zilitaja kazi ya kuchimba chini ya jengo ili kuongeza nafasi ya biashara. Waziri Mkuu wa wakati ule, Ndugu Kassim Majaliwa, aliunda timu ya kukagua majengo ya Kariakoo.

Miaka 11 kabla ya hapo, Ijumaa Kuu ya Machi 29, 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, katikati ya jiji hilo hilo, lilianguka na kuua watu 36, wakiwamo watoto. Baadaye ilielezwa kuwa kibali kilichotolewa kilikuwa cha ghorofa chache kuliko zilizojengwa.

Yapo maneno kwamba hayo ni ya Dar, sisi huku tunajenga vijumba vya kawaida. Hatukubaliani nayo. Tabora inabadilika. Reli ya kisasa inajengwa kuelekea kwetu na kupita: Makutupora hadi Tabora kilomita 368, Tabora hadi Isaka kilomita 165, Tabora hadi Kigoma kilomita 506. Kila mwenye kiwanja karibu na mjini anafikiria nyumba ya wageni, fremu za maduka, au vyumba vya juu vya kupangisha. Ni jambo jema, na mji huu umeishi kwa wapitaji tangu enzi za misafara. Lakini nyumba nyingi za zamani hapa kwetu zilijengwa kwa tofali za udongo, juu ya msingi uliokusudiwa kubeba paa la bati na basi. Ukiutwisha msingi ule slabu ya zege na vyumba vinne juu yake, haujui kwamba mwenye nyumba ni mwanachama wetu. Utaanguka kama wa mtu mwingine yeyote.

*2. Kibali kinamlinda nani?*

Wengi wetu tunakiona kibali kama ushuru: unalipa, unapewa karatasi, unaendelea. Siyo hivyo. Ombi la kibali linapita kwa afisa mipango miji, mhandisi, afisa ardhi na afisa afya, na kila mmoja ana swali lake. Je, kiwanja ni cha kujenga makazi au biashara? Je, umeacha nafasi ya gari la zimamoto kupita? Choo kiko wapi na kisima cha jirani kiko wapi? Je, nguzo na boriti zinatosha mzigo? Kwa jengo la ghorofa lazima pia kuwe na michoro ya mhandisi, na kazi yenyewe ifanywe na mkandarasi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Bodi hiyo ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1997, mwaka ule ule iliyotungwa sheria ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Fundi wetu wa mtaani, hata awe hodari namna gani, ghorofa siyo kazi ya kumwachia peke yake.

Kwa hiyo simu ya "mambo yaishe" haiondoi faini tu. Inayaondoa maswali yote hayo. Sisi tukipiga simu na jengo likasimama, tutashukuriwa kwa soda. Likianguka juu ya wapangaji, nani atakwenda kuzungumza na wafiwa? Mwenyekiti wa tawi? Katibu?

*3. Tunajua kwa nini watu wanakwepa*

Hatutawahutubia bila kukiri ugumu uliopo.

Kwanza ni gharama. Tangu Julai 2023 saruji inatozwa ushuru wa bidhaa wa shilingi 20 kwa kilo, yaani shilingi 1,000 kwa mfuko wa kilo 50. Nyumba inayokula mifuko 200 imeongezewa shilingi 200,000 kabla hujahesabu usafiri wa kuileta saruji hadi Tabora. Mtu aliyebanwa hivyo anatafuta pa kupunguza, na mara nyingi anapunguza palepale pasipopunguzika: michoro, mhandisi, nondo na saruji yenyewe.

Pili ni umiliki. Nyumba nyingi za Mtendeni ni za urithi. Babu alijenga, baba akaongeza chumba, sasa kuna wajukuu kumi na wawili na hati haipo, au ipo kwa jina la marehemu. Ukienda kuomba kibali unaulizwa kiwanja ni cha nani, na familia nzima inanyamaza.

Tatu ni usumbufu. Mtu anaambiwa aje kesho, kesho anaambiwa karatasi moja imepungua, wiki inayofuata nyingine. Mvua za Novemba zinakaribia, fundi ana kazi nyingine inamsubiri. Anaamua kujenga usiku na Jumapili.

Sababu hizi tunazielewa. Lakini hakuna hata moja inayoongeza nguvu ya nguzo.

*4. Tunachokidai kwa Manispaa*

Msimamo wetu ungekuwa wa upande mmoja kama tungewabana wanachama tu. Kwa hiyo tunapeleka madai manne kwa njia ya diwani wetu:

Moja. Orodha ya mahitaji yote ya kibali na ada zake ibandikwe kwenye ofisi ya kata na kila ofisi ya mtaa, kwa maandishi makubwa. Mtu aambiwe yote siku ya kwanza.

Mbili. Kila ombi lijibiwe ndani ya muda uliotangazwa. Kama ni hapana, iandikwe sababu.

Tatu. Wakaguzi waje wakati wa kuchimba msingi. X inayochorwa nyumba ikiwa imefika kwenye lenta imemwacha mtu wa hali ya chini afikie pa kupoteza kila kitu. Hapo ndipo rushwa inapozaliwa, kwa sababu pande zote mbili zinajua thamani ya kilichosimama.

Nne. Malipo yote yawe kwa kontroo namba. Anayeombwa fedha mkononi atuletee habari. Kwa hilo tutapiga simu, na tutaandika barua.

*5. Tawi litafanya nini*

Kuanzia Jumamosi ijayo, saa 4 asubuhi hadi saa 7 mchana, ofisi ya tawi itakuwa wazi kwa ajili ya vibali. Vijana wetu wawili wanaojua kompyuta watawasaidia wanaotaka kuomba kupitia mfumo wa TAUSI wa TAMISEMI. Huduma hiyo ni bure. Ada ya serikali utalipa mwenyewe na risiti utabaki nayo.

Kwa nyumba za urithi, tutasaidia familia kukaa pamoja na kuandika muhtasari wa kikao, kisha kwenda Mahakama ya Mwanzo kuteua msimamizi wa mirathi. Kikao cha familia kinachoogopwa leo kitakuwa kigumu zaidi baada ya mmoja wa warithi kuweka ghorofa.

*6. Kwa anayejenga sasa hivi*

Mambo machache ambayo hayahitaji afisa:

Pima nondo. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 inatakiwa kuwa na uzito wa kilo 10 na nusu au zaidi kidogo. Mzani upo kwenye kila duka la nafaka. Ukikuta kilo 8, hiyo siyo ya milimita 12, hata kama imeandikwa hivyo kwenye risiti.

Simamia kipimo cha zege. Kwa jamvi la kawaida kipimo kinachojulikana ni ndoo moja ya saruji, mbili za mchanga, nne za kokoto. Nguzo, boriti na slabu fuata mchoro wa mhandisi. Fundi anayekuahidi tofali nyingi mno kwa mfuko mmoja anakuuzia mchanga uliokaushwa.

Mwagilia. Zege na tofali zinataka maji siku saba kwa uchache. Jua letu la Septemba na Oktoba linakausha juu kabla ya ndani kushika.

Andikiana na fundi. Karatasi moja inatosha: kazi gani, kwa bei gani, awamu ngapi za malipo, nani ananunua nini. Migogoro mingi inayoletwa kwa wajumbe wa mashina kati ya wenye nyumba na mafundi ingekwisha kwa karatasi hiyo moja.

*7. Kwa mafundi na vijana wetu*

Karatasi hizi tunazozisema siyo mzigo wa mwenye nyumba peke yake. Kwa fundi ndiyo njia ya kupata kazi. Sheria mpya ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023, iliyoanza kutumika Juni 2024, imeelekeza kazi za ujenzi zenye thamani isiyozidi shilingi bilioni 50 ziwe za kampuni za wazawa. Asilimia 30 ya bajeti ya ununuzi ya kila taasisi ya umma imetengwa kwa vikundi vya vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Tangu Oktoba 2023 zabuni hizo zinapita kwenye mfumo wa NeST. Kikundi kisichosajiliwa humo hakionekani, hata kama kina mafundi bora kuliko wote Tabora nzima.

Kwa hiyo akina fundi: jiungeni vikundi, muoneni Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata, msajiliwe. Mwenye ujuzi wa mikono asiye na cheti aende chuo cha VETA hapa mjini akaulize utaratibu wa kurasimisha ujuzi, ili apimwe kwa kazi anayoijua. Wenzetu mlioko kwenye kamati za ujenzi, manunuzi na mapokezi za shule zinazojengwa kwa force akaunti, andikeni kila mfuko unaoingia na unaotoka. Kamati ya mapokezi isiyohesabu inapokea maneno.

Jambo la mwisho kwa mafundi ni usalama. Mwajiri anatakiwa kuchangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Mchango ni asilimia 0.5 ya mshahara na analipa mwajiri peke yake. Kwa kijana anayelipwa shilingi 300,000 kwa mwezi ni shilingi 1,500, pungufu ya bei ya sahani moja ya chakula kwenye mgahawa mzuri. Saidia fundi akianguka kutoka kwenye jukwaa bila mchango huo, mzigo wote unahamia kwa mama yake. Kabla ya kupanda, uliza kama umeandikishwa.

*Ndugu wanachama,*

Tunajua uamuzi huu utatugharimu. Wapo watakaosema tawi limewatupa, na wapo watakaokwenda kutafuta simu ya mtu mwingine. Tunawaomba wajumbe wa mashina wasitafute njia ya pembeni kwa niaba ya mtu yeyote. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwenye ghorofa hali ni mbaya zaidi, kwa sababu anayepuuza ufa huenda asiwepo siku ya kuujenga huo ukuta.

Mwenye hoja tofauti aje nayo kwenye mkutano wa tawi, tuijadili mbele ya wote. Mwenye kiwanja na nia ya kujenga aje Jumamosi na karatasi alizonazo, hata kama ni moja. Tutaanzia hapo.

Imetolewa kwa niaba ya Kamati ya Tawi na
Katibu wa Tawi
Mtendeni, Tabora