Agongwaye Njia ya Miguu Naye Ni Mwananchi

Katika mikoa ya Shinyanga na Geita baiskeli si kitu cha anasa. Ndiyo ibebayo maji, mkaa, pamba, na pengine mgonjwa. Mjini Shinyanga imebeba abiria kwa nauli, hata watu wakaiita daladala. Katika machimbo ya wachimbaji wadogo, kama Nyarugusu, Rwamgasa na Mwakitolyo, mawe ya dhahabu lazima yatoke kwenye maduara yafike karashani, na maji lazima yafike mialoni. Na mwenye baiskeli ndiye aliye karibu. Anayeidharau baiskeli anamdharau mkulima na mchimbaji mdogo, na sisi hatumo katika kundi hilo.

Lakini haki ya mwenye baiskeli haimalizi haki ya mwenye miguu. Njia iendayo kisimani, uchochoro wa soko, uwanja wa shule na kijia kati ya mashimo si barabara kuu. Hapana askari, hapana alama, hapana taa. Hapo ndipo mama mwenye ndoo kichwani, mtoto atokaye shule na mzee mwenye mkongojo hukutana na baiskeli iteremkayo mlimani na mzigo mkubwa kuliko mwendeshaji.

Tufanye hesabu. Madumu manne ya lita 20 ni kilo 80 za maji, kabla ya kumhesabu mwendeshaji na baiskeli yenyewe. Mwendo ukizidi mara mbili, nguvu ya mgongano huzidi mara nne. Vipira vya breki vikiisha, au rimu ikilowa kwa mvua, chombo hicho hakisimami pale mwenyewe atakapo. Mzee akivunjika nyonga hapo, huenda asitembee tena, na shamba lake likakosa mtu wa kulilima.

Je, mtu huyo anahesabiwa wapi? Hesabu za ajali zitangazwazo na Polisi ni za barabarani. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 ilitungwa kwa ajili ya barabara, kama jina lake lisemavyo. Lakini wataalamu wa dunia hawakumsahau. Katika orodha ya magonjwa na majeraha ya Shirika la Afya Duniani, toleo la 10, lililopitishwa mwaka 1990, mtembea kwa miguu aliyegongwa na baiskeli amepewa namba yake, V01; na aliyegongwa nje ya barabara ya umma ametengwa peke yake, V01.0. Ikiwa Geneva wamempa namba, sisi tulio jirani zake twashindwaje kumwandika katika daftari la kijiji?

Wako watakaosema tungoje Serikali kuu. Twawajibu kwamba watu wa Shinyanga hawakungoja. Nchi ilipokuwa ikigeuka jangwa, mradi wa HASHI ulianza mwaka 1986, na vijiji vikafufua ngitili za wazee. Walikubaliana wenyewe wapi ng'ombe wasiingie na mwezi gani, na miti ikarudi. Watu walioweza kuwekea malisho utaratibu hawawezi kushindwa na njia ya miguu.

Uwezo wa kisheria upo. Sheria ya Serikali za Mitaa, Mamlaka za Wilaya, ya mwaka 1982, inairuhusu halmashauri ya kijiji kutunga sheria ndogo, baada ya kusikiliza mkutano wa kijiji na kupata kibali cha halmashauri ya wilaya. Basi yaandikwe machache yanayofahamika. Sokoni, shuleni, kisimani na mialoni, mwendeshaji ashuke aikokote baiskeli. Baiskeli ya mizigo iwe na breki mbili na kengele, na usiku iwe na taa. Mzigo usizidi upana wa njia. Pale penye nafasi, wananchi wachonge njia mbili kwa nguvu zao wenyewe. Na kila ajeruhiwaye aandikwe, ili mwaka ukiisha tujue ni mahali gani panapotuumiza.

Tunaonya mambo mawili. La kwanza, sheria hiyo isigeuzwe kuwa kodi ya kificho, mgambo akajificha kichakani kuvizia shilingi za maskini. La pili, lawama isimwangukie mbebaji peke yake. Mbebaji alipwaye kwa kila kiroba hukimbia kwa sababu malipo yake yanamkimbiza. Mwenye karasha na mwenye duara wanaofaidi mbio hizo washiriki kununua breki, kutengeneza njia na kumtibu aliyeumizwa.

Ndugu wanachama, jambo hili lipelekwe katika mikutano ya mashina na matawi, na viongozi waulizwe wamefanya nini. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Njia ya miguu ni mali ya wote, na aitumiaye kwa magurudumu ampishe kwanza yule aitumiaye kwa miguu.