Hesabu za Mtaani: Pembe Nane za Reli

Mtu anayeufuata Mtaa wa Wabera, katikati ya Nairobi, huukuta Mtaa wa Kaunda, na mbele kidogo Mtaa wa Mama Ngina. Kwa kuwa mitaa hukutana karibu mraba, pembe zote huonekana sawa, wala hapana la kumshangaza. Lakini upande wa magharibi, kule Kibera, ambako wapita njia huikata reli kimshazari, lipo somo kubwa zaidi.

Reli hiyo, iliyofika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901, ina nafasi ya meta 1 baina ya chuma na chuma. Basi mahali isipopinda, vyuma vyake viwili ni mistari sambamba. Njia ikivikata, hutokea pembe nane: nne penye chuma cha kwanza, na nne penye cha pili. Ikiwa pembe moja ni digrii 60, zote nyingine zimekwisha kujulikana. Inayokabiliana nayo ni 60 pia. Jirani zake ni 120 kila moja, maana pembe mbili zilizokaa juu ya mstari mmoja hutimiza 180. Penye chuma cha pili hurudi zile zile, kila moja mahali pake.

Euclid, mtaalamu aliyeandika huko Alexandria, Misri, yapata miaka 300 kabla ya Kristo, alithibitisha na kinyume chake: pembe za mahali pamoja zikilingana, mistari ni sambamba. Hapo ndipo ilipo faida ya mwenye kiwanja. Hana haja ya kuifuata mipaka hadi mwisho ili aone kama itakutana. Hupiga kamba moja inayoikata yote miwili, kisha hupima pembe.

Asidharau tofauti ndogo. Digrii 1 tu, baada ya meta 57, huupotosha mpaka kwa meta 1 hivi. Kosa lisiloonekana penye kigingi cha kwanza huwa ukuta ndani ya kiwanja cha jirani penye kigingi cha mwisho. Na mahali kama Dagoretti, ambako ardhi imegawanywa vipande vidogo, meta moja yatosha kuwafikisha majirani mahakamani.

Kuweka mipaka ni kazi ya mpima ardhi mwenye leseni. Hata hivyo, mwenye kiwanja aijuaye kanuni hii aweza kumwuliza swali mapema, kabla msingi haujachimbwa.