Kazi ya Mikono ya Nyumbani Nayo Ina Bei

Mzee mmoja mwenye shamba la ekari tano alifika ofisini kwetu pamoja na mkewe, ili jina lake lisahihishwe katika orodha ya mbolea ya serikali. Alikuwa na daftari mkononi. Alilifungua mbele yangu kwa furaha akaniambia, "Mwalimu, hebu tazama. Ekari yangu moja ya mahindi imenipa faida ya shilingi 29,000." Niliijumlisha hesabu yake nikaiona ni sawa. Lakini mkewe, aliyekuwa ameketi kwenye benchi, akauliza kwa upole, "Na mikono yangu umeiandika ukurasa gani?"

Mzee akacheka, nami nikacheka pia. Lakini walipokwisha kwenda zao, nililifikiri sana swali lile. Leo nataka kusema wazi ya kwamba mama yule alikuwa na haki. Tena kosa si la mzee peke yake. Sisi wa maofisi tumewafundisha wakulima kuandika zile fedha zinazotoka mfukoni tu, kana kwamba vitu visivyolipiwa fedha havina gharama.

Kwanza tuitazame hesabu ya mzee. Alivuna magunia 16 ya kilo 90, akauza kila gunia kwa shilingi 3,000. Hizo ni shilingi 48,000. Alimlipa mwenye trekta 6,500 kwa kulima na kupiga haro. Mbegu zilikuwa 3,000. Mbolea mifuko miwili ni 5,000, maana mwaka 2023 serikali iliishusha bei ya mfuko wa kilo 50 kutoka shilingi 3,500 hadi 2,500. Magunia, kupukuchua na gari la kubebea, 4,500. Jumla ya matumizi ni 19,000. Ukiziondoa katika 48,000, zinabaki 29,000 alizonionyesha.

Sasa, ni nani aliyepanda? Ni nani aliyepalilia mara mbili, akavunja mahindi na kuyabeba mpaka nyumbani? Ni mama yule na watoto wake wakubwa. Tuseme kazi hiyo yote ni siku 40, na kibarua wa jirani hulipwa shilingi 300 kwa siku. Hizo ni shilingi 12,000. Na ardhi je? Tuseme jirani angaliikodi ekari hiyo kwa 10,000 msimu mzima. Basi toa 12,000 na 10,000 katika zile 29,000. Zinazobaki ni 7,000.

Sisemi ya kwamba mzee amepata hasara. Shilingi 7,000 ni faida ya kweli. Lakini hebu bei ya gunia ishuke kwa shilingi 500 tu, kama inavyoweza kutokea mahindi yanapojaa sokoni. Kwa magunia 16 atakuwa amepoteza 8,000. Daftari lake bado litamwambia kuwa amepata faida ya 21,000, naye mwakani atalima mahindi vile vile. Kumbe kama angalikodisha ekari ile, na jamaa yake wakafanya kazi ya kulipwa mahali pengine, angalikuwa na shilingi 1,000 zaidi.

Wataalamu wa uchumi huiita hesabu hii gharama mbadala. Mmoja wa walioieleza kwanza alikuwa mtu wa Austria, Friedrich von Wieser (1851–1926). Maana yake si ngumu. Gharama ya jambo lolote ni lile jambo jingine bora ambalo umeliacha ili ulifanye hili. Ukilima mahindi mahali ambapo ungaliweza kupanda nyasi za ng'ombe, basi gharama ya mahindi yako ni pamoja na maziwa ambayo hukuyapata.

Najua wengine watanijibu ya kwamba huku kwetu kibarua hakipatikani kila siku, na kwa hiyo siku ya mke au mtoto haiwezi kuhesabiwa shilingi 300. Neno hilo ni la kweli, na mkulima asijidanganye. Katika miezi isiyo na kazi, andika kidogo, au usiandike kitu. Lakini wakati wa palizi kila mtu hutafuta mikono, na hapo ndipo siku ina bei. Tena jiulize ni kazi gani ya nyumbani iliyoachwa. Kama ng'ombe alikatiwa majani machache kwa sababu mama alikuwa shambani, na maziwa yakapungua chupa tatu kwa siku, basi chupa hizo tatu ziandikwe juu ya mahindi. Kama mtoto alikosa shule wiki mbili, hiyo nayo ni gharama, ijapokuwa mimi sijui namna ya kuiandika kwa shilingi.

Jambo la pili ni mahindi ya kula. Hapa wengi wetu twakosea kwa upande mwingine. Gunia unaloliuza lina bei ile unayopewa na mnunuzi mlangoni kwako. Lakini gunia ambalo jamaa yako watalila lina bei nyingine, yaani ile utakayolipa ukilikosa. Tuseme mwezi wa Novemba waliuza kwa 3,000, na mwezi wa Juni ghala ni tupu, nawe wanunua kwa 4,500. Basi gunia la chakula halikuwa la 3,000 hata siku moja.

Kwa hiyo sikubaliani na wale wanaosema mkulima wa shamba dogo aache mahindi kabisa. Jamaa ya watu wanane, tukikadiria gunia moja kwa kila mtu kwa mwaka, wahitaji magunia manane. Kwa mavuno kama ya mzee yule, hiyo ni nusu ekari tu. Alime ekari nzima ikiwa anaogopa ukame au wadudu, nami sitamlaumu. Chakula ndani ya nyumba ni salama. Lakini ekari ya pili na ya tatu si za chakula tena, ni za biashara, na kila moja yapasa iulizwe peke yake: je, hapa pangeweza kuwa na nini? Majani ya ng'ombe? Maharagwe? Viazi? Mkulima asiseme, "Mahindi yanalipa," au "Mahindi hayalipi." Ekari ya kwanza yaweza kulipa sana, na ya tatu isilipe.

Wako wanaouza hata magunia ya chakula mwezi wa Januari kwa ajili ya karo ya shule. Siwalaumu, maana karo haingoji. Lakini wajue ni mkopo wa namna gani waliouchukua. Umepata 3,000, na baada ya miezi mitano wazirudisha 4,500 kwa mwenye duka. Hiyo ni riba ya shilingi 1,500. Kama chama cha ushirika cha akiba na mikopo kingekukopesha 3,000 kwa riba ya shilingi moja katika kila mia kwa mwezi, kwa miezi mitano ungalilipa riba ya 150 tu. Kweli, bei haipandi kila mwaka, hasa mahindi ya Uganda na Tanzania yakiingia kwa wingi, na mahindi yasiyokaushwa vizuri huliwa na dumuzi ghalani. Kwa hiyo sisemi uweke mazao yote ungoje bei. Nasema magunia ya chakula yasiuzwe kwanza, yauzwe mwisho.

Wazee wetu wa mashamba ya makazi hawakuwa wageni wa hesabu hii. Mpango wa ekari milioni moja ulipoanzishwa mwaka 1962, mashamba madogo yalitengenezewa bajeti ili mwenye shamba abaki na kiasi cha pauni 25 mpaka 70 kwa mwaka, baada ya kulisha jamaa yake na kulipa mkopo. Chakula kiliwekwa peke yake, na deni la ardhi likawekwa peke yake, ndipo ikatajwa faida. Mkopo ule ulimkumbusha mkulima kila mwaka ya kwamba ardhi ina bei. Siku hizi shamba tumerithi, hakuna anayetuletea karatasi ya deni, nasi twadhani ardhi ni bure. Kumbe sasa ndiyo ghali zaidi, kwa sababu mashamba yamegawanywa kwa watoto na kila kipande ni kidogo kuliko cha baba.

Basi naomba mambo mawili. Kwa maofisi yetu, fomu za hesabu tunazowapa wakulima ziongezwe mistari miwili, mmoja wa kazi ya jamaa na mmoja wa kodi ya ardhi, hata kama hakuna fedha iliyolipwa. Na kwa wakulima, kabla ya mvua za Machi, mume na mke waketi pamoja na daftari moja. Waandike kwanza magunia ya kula. Halafu kila ekari iliyobaki waiandikie ukurasa wake, pamoja na siku za kila mtu aliyefanya kazi.

Mke ndiye anayejua siku zile zilikuwa ngapi. Asipoulizwa, hesabu hiyo haitakuwa sawa. Tena fedha za mavuno zikifika, naye awe na neno juu ya matumizi yake, kwa sababu sehemu kubwa ya gharama ameilipa yeye.