Chai Ipi Iufaayo Moyo?

Kizuri hakikosi ila, na chai haijaepuka kauli hii ya wahenga. Tangu mche wake upandwe Limuru mwaka wa 1903, kinywaji hiki kimekita mizizi nchini hata mgeni asiyepewa kikombe hujiona hakukaribishwa. Siku hizi chai imevishwa sifa nyingine, kwamba huulinda moyo. Swali linalostahili kuulizwa ni hili: ni chai ipi?

Ni bayana kuwa majani ya chai yana flavonoidi, kemikali zinazosaidia mishipa ya damu kutanuka. Mwaka wa 2007, jaribio dogo la Berlin lililowahusisha wanawake 16 lilionyesha kuwa maziwa yaliifuta faida hiyo. Kinyume chake, utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka wa 2022, uliowachunguza watu wapatao laki tano, ulibainisha kuwa wanywaji wa vikombe viwili au zaidi kwa siku walikuwa na hatari ndogo kidogo ya kufa, watie maziwa au wasitie. Hata hivyo, utafiti wa aina hiyo huonyesha uhusiano tu; hauthibitishi kuwa chai ndiyo sababu.

Hapa ndipo lugha inapoingia. Katika nyumba nyingi za bara, neno "chai" pekee humaanisha majani yaliyochemshwa kwa maziwa na kutiwa sukari. Isiyo na maziwa ndiyo inayohitaji jina la ziada: chai ya rangi, mkandaa au turungi. Hivyo basi, anayetafsiri kuwa "chai huufaa moyo" bila ufafanuzi huenda akahalalisha sukari asiyoikusudia.

Na sukari haina utetezi. Mwaka wa 2015, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kuwa sukari inayoongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana isifike asilimia 5, yaani takribani gramu 25 au vijiko sita vya chai. Atiaye vijiko vitatu hukimaliza kiwango hicho kwa vikombe viwili tu, kabla hajagusa andazi.

Hakuna haja ya kulivunja birika. Sukari na ipunguzwe kijiko kwa kijiko, hadi ulimi uzoee. Naye msomi wa Kiswahili anayewaandikia wananchi kuhusu afya, asiseme "chai" tu akanyamaza. Aseme ni chai ipi.