Kadi isiwe shahidi wa peke yake

Wandugu watumikaji, na ninyi wamama mnaotungoja nyumbani,

Mwezi uliopita ndugu yetu wa ekipi ya usiku aliitwa ku ofisi. Mashini ilisema kadi yake ilifungua mlango wa depo saa nane ya usiku, na vitu vimepotea. Lakini usiku ule alikuwa ku kilio, mtaa mzima ulimuona. Wakamjibu: "Mashini haisemi uongo."

Sisi tunasema: mashini inaweza kudanganywa.

Hii kadi tunayovaa shingoni haina batri. Ndani yake mna uzi mwembamba uliozungushwa, mara nyingi wa shaba, hii hii tunayochimba. Ukiisogeza ku mlango, mashini inatuma mawimbi ya redio. Ule uzi unayapokea, unapata nguvu kidogo, na kadi inajibu kwa namba yake. Nguvu na habari vinapita mu hewa, pasipo waya.

Ubaya ni huu: kadi nyingi za zamani hazimjui bwana wao. Yeyote anayezipa nguvu, zinamjibu. Mtu akipita karibu nawe na kamashini kake, anakamata namba, anatengeneza kadi ingine yenye jina lako. Hata zenye siri si zote za kuaminika: mwaka 2008 wataalamu wa chuo kikuu cha Nijmegen, Uholanzi, walionyesha namna ya kunakili Mifare Classic, kadi iliyotumika mu inchi nyingi.

Hatukatai kadi. Siku mgodi ukianguka, inaweza kusema nani amebaki chini. Lakini tunadai mambo matatu. Kwanza, kadi za zamani zibadilishwe na zile zinazohakikisha mashini kabla ya kujibu. Pili, mtu asifukuzwe kwa neno la mashini tu. Delege wa sendika aitwe, mashahidi wasikilizwe. Tatu, saa zinazoandikwa na kadi tuzione na sisi. Sheria ya kazi ya 2002 inaweka saa 45 kwa juma. Zinazozidi ni za kulipwa. Kadi inayotuhesabia tukichelewa, ituhesabie pia tukizidisha.

Ndugu yetu angali nyumbani bila mshahara, na makuta ya masomo ya watoto haijapatikana. Leo ni yeye. Kesho mlango utafunguka kwa jina la nani?