Karani Kaketishwa na Kompyuta, Sasa Mpisheni Atembee

NG'AMBO HII
Na Mwanakombo Hamisi

Muulize yeyote aliyekuwa karani wa kutoa mizigo bandarini Kilindini, hapa Mombasa, miaka ya tisini siku yake ilikuwaje, naye atakuhesabia milango. Asubuhi kwa wakala wa meli kuchukua hati, kutoka hapo benki, kutoka benki forodhani kugongewa muhuri. Forodhani wakiona kosa, rudi ofisini ukaandike upya. Baadaye geti la bandari, halafu shedi kuutafuta mzigo wenyewe. Yote hayo kwa miguu, faili kwapani, jua la kaskazi utosini. Mshahara ulikuwa mdogo na chai ya kupitisha karatasi ilikuwa nyingi, lakini kitambi kilikuwa cha bosi peke yake.

Mwaka 2005 watu wa forodha wakaleta mfumo wa kompyuta ulioitwa Simba. Mei 2014 ukazinduliwa ule wa dirisha moja wa KenTrade, shirika la serikali, na vibali vya idara mbalimbali vikawa vinaombwa kwa intaneti. Sina hamu ya kurudi kwenye mihuri, na sidhani kuna mfanyabiashara anayeilia foleni ya benki. Ila karani wa leo yuko Changamwe, kwenye ofisi yenye kiyoyozi karibu na yadi za makontena, ameingia saa mbili na atatoka saa kumi na moja, na safari yake ndefu ya siku nzima ni kutoka kwenye kiti kwenda kwenye printa. Kazi ni ile ile. Miguu ndiyo iliyoachishwa kazi, bila notisi wala kiinua mgongo.

Madhara ya kukaa hivyo yalipimwa zamani, na waliopimwa ni watu ambao sisi abiria wa matatu tunawajua vizuri: dereva na makanga. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, daktari mmoja wa London, Jerry Morris, alitaka kujua kwa nini wanaume wengi wa makamo walikuwa wanakufa kwa maradhi ya moyo. Akawaendea wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya jiji lile. Dereva na makanga wake wametoka mitaa ile ile na kipato chao hakipishani sana, ila mmoja hukaa zamu nzima na mwenzake hupanda mamia ya vidato vya ngazi za basi kwa siku akidai nauli. Matokeo yalichapishwa 1953 katika jarida la Lancet: makanga walipata maradhi ya moyo kwa uchache kuliko madereva, na waliopata walipona zaidi. Kwa watu wa posta ikawa hivyo hivyo. Mpeleka barua alikuwa salama kuliko karani aliyekaa nyuma ya meza.

Kinachonifanya nimpende Morris ni kwamba hakuishia hapo kujipigia makofi. Mwaka 1956 yeye na wenzake walitoa utafiti mwingine, safari hii wakipekua vipimo vya sare za wafanyakazi wale wale. Viuno vya suruali za madereva vilikuwa vipana kuliko vya makanga, hata kwa vijana. Yaani huenda wenye miili mizito walikielekea kiti wenyewe, kabla kiti hakijawafanya lolote. Kwa hiyo tusibandike kila kilo kwenye kukaa. Moyo una kesi yake, na kitambi kina kesi yake, ingawa washtakiwa wanafanana sura.

Hapo ndipo Mombasa tunapodanganyana. Mtu anaona vifungo vya shati vinavutana, anakwenda kulipia jimu Nyali au Bamburi, anapanda mashine ya kukimbilia mwezi mzima, jasho linamtoka kama bomba, kisha anapanda mizani na mizani haijasogea. Anakata tamaa na kuacha vyote, jimu na kutembea pia. Laiti angeambiwa mapema habari za Wahadzabe.

Wahadzabe ni jirani zetu, wanaishi kandokando ya Ziwa Eyasi huko Tanzania, na baadhi yao bado wanategemea kuwinda, kurina asali na kuchimba mizizi. Mwanamume wa Kihadzabe hutembea kama kilomita 11 kwa siku, mwanamke kama 6. Mwaka 2012 watafiti wakiongozwa na Herman Pontzer, akiwemo Audax Mabulla wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walichapisha vipimo vya nguvu ambazo miili ya watu hao hutumia kwa siku. Kila mtu alitarajia Mhadzabe atamwacha mbali mtu wa ofisini wa Marekani. Haikuwa hivyo. Ukizingatia ukubwa wa mwili, walitumia kiasi kile kile. Inaonekana mwili una bajeti yake, na ukitumia zaidi kwa miguu, unabana kwingine. Mhadzabe hana kitambi, lakini sababu kubwa si zile kilomita. Angalia anachokula, na asichokula.

Basi turudi kwenye sahani zetu. Saa nne asubuhi ofisi yoyote ya Changamwe hupitiwa na mama mwenye ndoo ya mahamri, na nyuma yake yupo mwenye bhajia na viazi karai. Saa saba ni wali. Saa kumi, macho yakianza kuwa mazito, mtu anatumwa kuleta soda. Soda ya nusu lita ina gramu zinazokaribia 53 za sukari, zaidi ya kalori 200. Mtu wa kilo 75 akitaka kuzilipa kwa miguu, atembee kama robo tatu ya saa kwa mwendo wa haraka. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ni kalori 120, na viazi karai havikuzaliwa vikavu. Hesabu yenyewe ndiyo hiyo. Kunywa soda ni kazi ya dakika tatu. Kuitoa ni kutoka Likoni Feri mpaka katikati ya mji, tena na kurudi.

Mbaazi za nazi sina ugomvi nazo, wala samaki wa kupaka, wala pilau ya Ijumaa, na atakayekuja kuniambia watu wa pwani waache chakula chao wale majani, aendelee na safari yake. Ninachosema ni kwamba mahamri manne yaliwekwa kwa mtu aliyekuwa anakwenda forodhani na kurudi. Anayekaa, mawili yanamtosha, na maji ya mtungi hayajawahi kumnenepesha mtu. Nina uhakika zaidi na ushauri huu kuliko na mashine yoyote yenye taa.

Tatizo ni kwamba ukifanikiwa, mtaa haukuachi. Mwanamume akitoa tumbo, anaambiwa maisha yamemkubali. Mwanamke akinenepa baada ya harusi, mawifi wanapongezana, kijana wao anamtunza mke. Punguza kilo tano uone. Jumamosi utakuwa arusini Mtongwe, na shangazi atakushika mkono, akugeuze kama nguo ya mtumba, aulize mbele za watu: "Mwanangu, mbona umekonda hivi? Una nini?" Nyuma ya swali hilo kuna hofu ya miaka ile ya UKIMWI, ambapo kukonda kulikuwa na maana moja tu, na majirani walianza kunong'ona kabla hujafika hospitali. Hofu hiyo haijaisha. Nimeona watu wazima wakirudia kula usiku ili kunyamazisha maneno.

Na huku maneno yakiendelea, ule uchunguzi mkubwa wa afya wa kitaifa wa 2022 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa Kenya wa umri wa miaka 20 hadi 49 wana uzito uliozidi. Wanaume hawafiki nusu ya hapo, hivyo wanaotuchekea mabarazani wana muda bado wa kucheka. Ila presha na sukari hazibagui, na kila familia ya ng'ambo hii ina mtu anayekwenda kliniki. Shangazi akikuuliza una nini, mwambie huna kitu, na hutaki kuwa nacho.

Kama kutembea hakupunguzi kilo nyingi, kwa nini nikuchoshe nako? Kwa sababu ya ule moyo wa makanga. Mwaka 2016 Lancet hilo hilo lilichapisha uchambuzi wa takwimu za watu zaidi ya milioni moja, na picha ikawa hivi: mtu anayekaa saa nane au zaidi kwa siku, akipata dakika 60 hadi 75 za mwendo wa kutoa jasho kidogo, hatari ya kufa mapema inayoletwa na kukaa inafutika. Shirika la Afya Duniani lilirahisisha zaidi mwaka 2020, likataja dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Zile hatua elfu kumi ambazo simu inakudai kila jioni zisikunyime usingizi. Zilianzia kwenye kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, na wenye kuuza walipenda namba iliyonyooka. Utafiti wa 2019 kwa wanawake wazee wa Marekani ulikuta faida inakoma kuongezeka kwenye hatua kama 7,500.

Dakika hizo za kutembea tulikuwa nazo. Zilikuwa katika kipande kile cha kutoka nyumbani hadi barabara kuu. Mwaka 2008 serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo, bodaboda zikamiminika, na tuktuk nazo zikajaa mji. Vijana wakapata riziki, wala siwaonei. Lakini sasa mtu mzima mwenye magoti yake mawili anachukua tuktuk kutoka Mshomoroni ndani hadi lami, na jioni anachukua boda kutoka lami hadi mlangoni.

Aliyebaki na bahati, na najua atakayesoma haya akiwa kwenye foleni atanitukana, ni mtu wa Likoni. Kivuko kinatulazimisha. Unatembea kutoka steji, unateremka mteremko, unasimama, mnavuka, unapanda upande wa kisiwani ukiwa umebanwa na umati wa watu wenye haraka kuliko wewe. Ni bure. Ukiacha matatu upande wa pili na kufuata barabara ya Nyerere hadi mjini, kama kilomita mbili, sehemu nzuri ya kazi ya siku umeimaliza kabla ya kuwasha kompyuta. Feri ina madhila yake na siku nyingine nitayaandika. Leo naisifu.

Wa Kisauni wana Daraja la Nyali, na wa Changamwe wana Makupa. Matatu zikigoma huwa tunaona kwamba inawezekana: watu maelfu wanavuka kwa miguu na wanafika kazini. Siku ya pili, wakirudi kwenye viti, wanasema kutembea Mombasa hakuwezekani.

Hata hivyo, wana hoja. Kutoka Aprili upepo wa kusi unapunguza makali ya jua, ila Februari saa nane mchana hakuna wa kumwambia atembee isipokuwa adui yako. Basi ni alfajiri au magharibi. Na magharibi, katika njia nyingi za Kisauni na Likoni, mwanamke hatembei peke yake kwa raha, awe na buibui au suruali. Njia haina taa, na majina ya magenge ya vijana wenye mapanga tumeyasikia sana kwenye habari. Mwambie binti huyo akimbie kwa afya yake, uone kama hatakuuliza akili zako ziko wapi. Wenye uwezo wana njia za msitu wa Bamburi, pazuri kweli, palipooteshwa miti juu ya machimbo ya kiwanda cha saruji, lakini pana kiingilio. Bustani ya Mama Ngina ilitengenezwa upya 2019 kwa pesa za umma, nzuri, ina upepo, watu wanatembea pale jioni na watoto wao. Sisi wa Likoni tunaiona vizuri sana, ng'ambo ya maji.

Ndiyo maana sikubali ushauri wa kumlaumu karani peke yake. Wenye mamlaka, mmemketisha kwa mfumo, mkampelekea pikipiki mlangoni, na ile njia ya waendao kwa miguu iliyobaki mkaigawia vibanda, mchanga wa ujenzi na magari ya watu wakubwa. Barabara ya kwenda Mtwapa inapanuliwa na huko Changamwe malori yana nafasi yao. Mita mbili za kando, zenye kivuli na taa, zinagharimu kidogo sana mbele ya lami yenyewe. Wagombea wa 2027 watakuja Uwanja wa Mbuzi na Uwanja wa Bomu na fulana za bure. Waulizwe taa ngapi, kutoka wapi hadi wapi, na fulana tupokee hivyo hivyo, tutatembelea.

Waajiri nao wana lao, na halihitaji semina hotelini. Mtungi wa maji uwe mwisho wa korido, mbali na meza. Mkutano wa dakika kumi ufanywe kwa kusimama, utaisha kwa dakika sita. Mama wa mahamri asifukuzwe, aombwe alete na matango, mapapai na mahindi ya kuchemsha. Na kampuni yenye basi la wafanyakazi iwashushe watu steji moja kabla ya geti, wamalizie kwa miguu asubuhi kungali na baridi, na dereva naye apewe robo saa ashuke azunguke yadi, maana huyo anakaa kuliko wote.